Kabla hujamwongezea mdaiwa wako

Nauza madera Eastleigh, Nairobi, na wateja wangu wengi huchukua mali kauli, yaani kwa mkopo. Bei ya taslimu ni 800, ya miezi miwili ni 900. Mwaka jana mama mmoja wa Kawangware alichukua 20, nikaandika 18,000. Muda ulipofika alikuwa amelipa 10,000 tu. Kibanda chake kilikuwa kimebomolewa. Nikampigia simu kwa ukali, kisha kwenye daftari nikaongeza 1,500, "ya kuchelewa".

Ami yangu, aliyekuja dukani kunywa chai tu, akaweka kidole juu ya mstari ule. "Hii elfu na mia tano umemuuzia nini?"

Nikabaki kimya. Nikajitetea kwamba hata ile mia ya juu ni bei ya kungoja. Akanikatiza: ile mia imo ndani ya bei ya nguo, mlikubaliana kabla hajatoka dukani, na wanachuoni wengi wa madhehebu manne wanairuhusu. Lakini deni likishasimama, kuliongeza kwa sababu ya muda ndiyo riba yenyewe ya zama za Jahiliya, kabla ya Uislamu, ya "utalipa au utaongeza?"

Basi ukikopesha, kubalianeni bei moja tu, ya taslimu au ya mkopo, kabla hamjaachana. Uandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni, nasi tunaona aibu kuandikiana eti tunafahamiana! Ukiogopa, chukua rehani. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliweka deraya yake, vazi la chuma la vita, rehani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri, na alifariki ikiwa bado kule.

Mdaiwa akikwama kweli, aya ya 280 inasema angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye nazo anayekuzungusha ni habari nyingine: hadithi inasema kuzungusha kwake ni dhuluma. Huyo mdai bila haya, ila umdai kile kile chako. Hata benki za Kiislamu, zikitoza faini ya kuchelewa, kwa kawaida huipeleka kwenye sadaka, haziihesabu kuwa faida.

Ile 1,500 niliipiga mstari mbele ya ami, kwa kalamu ya wino. Mama bado anadaiwa 3,000, hutuma mia tatu, mia tano. Juzi ameniuliza kama madera mapya yameshuka.