Treki imejaa tope na mbio ni Jumapili, tufanyeje?

SWALI: Mambo vipi mhariri, sisi tuna klabu ndogo ya motokrosi (mbio za pikipiki kwenye treki ya udongo) huku Kitengela, treki tumeijenga kwenye ule udongo mweusi wa kung'ang'ania viatu. Mvua imepiga toka Jumatatu usiku hadi jana na Jumapili tuna mbio, za watoto na za wakubwa. Mwenzetu mwenye trekta anataka tulime treki yote leo ndo jua liingie ndani, wengine wanasema tumwage vumbi la mbao. Tumsikilize nani? (Msomaji, Kitengela)

JIBU: Ndugu yangu, leo trekta isikanyage hapo kabisa. Udongo mweusi ukishalowa unavimba, sasa ukiulima hivyo hivyo mbichi unaufungua, mvua nyingine ikija Ijumaa inaingia hadi chini, na tairi za trekta nazo zinaukandamiza mpaka hewa yote inatoka, jua likiupiga unabaki na mabonge magumu ambayo haro, ile zana ya trekta ya kuvunjavunja udongo, haiyavunji na raida (mwendesha pikipiki) akiangukia hapo anavunjika mkono.

Anza na maji. Zunguka treki nzima kwa miguu na jembe mkononi uone yamesimama wapi, na nakuhakikishia utayakuta chini ya rampu, katikati ya zile jampu za mbili mbili (vilima viwili, raida anaruka toka kimoja hadi kingine) na kwenye kona, maana ukuta wa udongo wa kona huwa unayazuia yasitoke. Chimba mtaro mwembamba uyatoe, kwenye kona uyapeleke upande wa ndani ili usiubomoe ule ukuta, na kama hakuna mteremko tafuteni pampu ya kumwagilia shamba, zipo kibao huko kwenu.

Maji yakiisha ndo unashughulika na tope. Lile laini la juu linakwanguliwa na kusukumwa pembeni, na hapa mkipata tingatinga ya cheni ni bora kuliko greda ya magurudumu kwa sababu uzito wake umesambaa, haizami. Dereva asizamishe bledi, lile bamba la mbele la kukwangulia, akwangue tu mpaka afike kwenye udongo ulioshikana, mara nyingine ni vidole vinne tu chini. Tope lisirundikwe juu ya mitaro wala pale nje ya kona ambako raida akikosa breki ndo anaelekea. Na msilitupe mbali! Huo ndo udongo wenu wa treki, likikauka mnalirudisha baada ya mbio.

Halafu muache upepo na jua vifanye kazi. Jumamosi mchana chimba kidogo kwa jembe, toa udongo wa chini siyo wa juu, ufinye kwenye kiganja halafu usukume lile bonge kwa kidole gumba. Likinyooka na kung'aa, bado, acheni. Likivunjika vipande vipande hapo mnaweza kupitisha haro, tena juu juu tu, na sehemu zilizofaulu peke yake. Nyuso za rampu msizilime, zikwangueni zibaki laini.

Vumbi la mbao ni zuri sana ila siyo kwa wakati huu. Ukilimwaga juu ya tope linafyonza maji na kukaa nayo, unapata uji mzito zaidi. Hilo ni la kuchanganya kwenye udongo wakati wa kiangazi.

Sasa la muhimu kuliko yote, naomba mlisome mara mbili. Jampu za mbili mbili zijazeni udongo katikati ziwe meza, yaani kilima kimoja bapa juu, au mzifunge mpitie pembeni. Kwenye tope raida hapati spidi ya kufika ng'ambo, anatua katikati, na kama kuna makorongo ya tairi pale kwenye ncha ya rampu pikipiki inamrusha kiubavu kabla hata hajajua. Hao watoto wa pikipiki ndogo za 50cc na 65cc wapeni treki fupi isiyo na jampu, na wakimbie kabla ya wakubwa, maana pikipiki kubwa za 450cc zikishapita mara kadhaa makorongo yanakuwa marefu hadi mtoto miguu inakwama.

SWALI: Shikamoo mhariri. Sisi tuko Moshi, treki yetu bado kavu ila masika inakuja. Kuna cha kufanya mapema? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na umeuliza wakati mzuri kweli. Sasa hivi ndo wakati wa maranda, vumbi la mbao, mapumba ya mpunga au maganda ya kahawa, huko kwenu havikosekani, vichanganyeni ndani kwa haro udongo uwe mwepesi. Mitaro izibuliwe. Halafu mkiona wingu linakuja msiache treki imelimwa wazi, isawazisheni na mpitishe rola uso ufunge, na muache kamteremko kadogo ili maji yateleze juu yaende zake. Treki iliyofungwa hivyo inalowa juu tu, mnakwangua na kesho yake mnaendesha.

SWALI: Kwani ni lazima kuahirisha tope likizidi? Mbona wazungu wanakimbia tu? (Msomaji, Entebbe)

JIBU: Wanakimbia kweli, Motocross of Nations (mashindano ya timu za mataifa) ya 2018 pale RedBud, Michigan ilikuwa tope tupu na Ufaransa wakachukua kombe, na 2019 Assen kule Uholanzi mvua ikawa hiyo hiyo, wenyeji wakashinda. Lakini Assen walikuwa wamemwaga mchanga mwingi ajabu juu ya sakiti ya lami, na mchanga unapitisha maji, mfinyanzi haupitishi. Na wale wana mashine zinazorekebisha treki kati ya mbio na mbio.

Kwangu mimi kipimo ni ambulansi. Asubuhi ya mbio muiendeshe izunguke kila kona ya uwanja hadi barabara kuu. Ikikwama popote, ahirisheni, hata kama watu wameshalipa kiingilio, rudisheni hela.