Barua kwa mwanangu: Usimpe kitabu kilichokatwa

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Chake Chake, Pemba, hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Msimu wa karafuu umeanza na uani kwetu hapana pa kukanyaga, majamvi yametandikwa mpaka mlangoni.

Uliponipigia Jumapili niliku­jibu nusu nusu, nilikuwa na chungu motoni. Uliniambia mjukuu wangu katimiza miaka tisa, anasoma vizuri, na dukani umeona vile vitabu vya kale vya watoto, vilivyofupishwa na kutiwa picha za rangi. Robinson Crusoe mzima kageuzwa kurasa thelathini na mbili. Ukaniuliza: “Mama, nimnunulie? Au kwa kuwa vingine vinatudharau sisi watu weusi, bora nimwepushe navyo kabisa?” Nimelala na swali lako siku nne.

Usimnunulie hicho. Wala usimwepushe. Mtafutie kitabu kizima, kisha kaa naye umsomee mwenyewe kwa sauti, na mukifika penye ubaya musiparuke.

Nikueleze nilikoyapata haya. Mwaka 1970 nilikuwa na umri wake huyo huyo. Msimu kama huu, baada ya sala ya Isha, nyumba nzima hukaa barazani kuchambua karafuu. Unashika shada kwa mkono mmoja, unalisugua kwenye kiganja cha pili, karafuu zinadondoka jamvini, makonyo unayatupa pembeni. Ni kazi ya kutia usingizi, na mtoto akisinzia huchanganya makonyo na karafuu, bei ikashuka. Babu yako akapata dawa. Alikuwa na nakala kuukuu ya Kisiwa chenye Hazina, kisa cha Stevenson cha kijana Jim na maharamia, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929, aliyoinunua Unguja kwa mtu. Akawa anakaa chini ya karabai, hachambui, anasoma. Sisi mikono inakwenda, masikio yako kwake.

Pale Jim anapoingia ndani ya pipa kutafuta tufaa, pipa karibu tupu, na mara anamsikia John Silver, mpishi wa jahazi, nje yake akipanga na wenzake kuwaua wakubwa wa jahazi, mikono yote barazani ilisimama. Bibi yako alikuwa na shada kiganjani, hakulisugua. Mimi niliona lile pipa lina matufaa yetu haya ya Pemba, mekundu, laini, yenye nyama nyeupe kama sufi, kwani mengine sijapata kuyaona. Hadi leo nikilikumbuka pipa lile, nayaona matufaa ya mti wa nyuma ya kwa shangazi. Kitabu cha kurasa thelathini na mbili hakimpi mtoto nafasi ya kukaa ndani ya pipa. Kinamwambia tu: Jim alisikia njama, akawaarifu wakubwa. Kwisha.

Nilipokuja kuwa mwalimu ndipo nilipojua kwamba kitabu kile chenyewe kilizaliwa barazani, au tuseme mbele ya moto, maana kwao ni baridi. Mwaka 1881 Robert Louis Stevenson alikuwa Braemar, Uskoti, mvua haikatiki, na mtoto wake wa kambo, kijana wa miaka 13, yumo ndani anachorachora. Wakachora ramani ya kisiwa. Kutokana na ile ramani akaanza kuandika, sura moja kila siku, na kila alichoandika akawasomea watu wa nyumbani. Baba yake, mhandisi wa minara ya taa, mzee mzima, naye akanogewa, akaandika orodha ya vitu vya kutiwa ndani ya sanduku la yule baharia mlevi wa mwanzo wa kisa. Kilitoka kuwa kitabu mwaka 1883. Na kisa cha Alice katika Nchi ya Ajabu ni hivyo hivyo: mwaka 1862 Lewis Carroll aliwasimulia watoto watatu wa kike ndani ya mashua, mtoni karibu na Oxford, na Alice mwenyewe, mwenye miaka 10, akamwomba amwandikie. Visa hivi vilitoka mdomoni kwa mtu kuingia sikioni kwa mtoto anayemjua. Ndiyo sababu nakwambia usimpe mkononi ukaenda zako kwenye simu.

Sasa lile la dharau, ambalo najua ndilo linalokukereketa. Una haki. Tuanze na huyo Robinson Crusoe wa Daniel Defoe, kitabu cha mwaka 1719, ambacho hakikuandikiwa watoto hata kidogo. Watoto walikichukua wenyewe. Unajua Crusoe alikuwa anakwenda wapi jahazi lilipovunjika? Alitoka Brazil kwenda pwani ya Afrika kununua watumwa. Na alipompata yule kijana akamwita Ijumaa, miongoni mwa maneno ya mwanzo aliyomfundisha ni kumwita yeye Bwana. Jina la kijana mwenyewe hakuliuliza.

Katika hivyo vifupisho vya picha, safari ile ya watumwa mara nyingi ndiyo ya mwanzo kukatwa. Anabaki mzungu mwema kisiwani, na Ijumaa anayecheka. Hapo mtoto ndipo anapodanganywa, mwanangu. Dharau imebaki, sababu yake imeondolewa. Mjukuu wangu anaishi Unguja, akipita Mkunazini anapita palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Na karafuu hizi ninazozichambua, mashamba yake ya kale yalilimwa na watumwa, hadi sheria ilipowaachia mwaka 1897. Akifika ukurasa ule, funga kitabu kidogo. Muulize: unadhani Ijumaa aliitwaje kwao? Mwache akae nalo. Mimi niliwauliza wanafunzi wangu swali hilo, mmoja akampa jina la babu yake, na tangu siku hiyo hawakumwita tena Ijumaa darasani.

Kimoja tu nakuomba ukicheleweshe: Mashimo ya Mfalme Sulemani, cha H. Rider Haggard, cha mwaka 1885. Kisa kinasisimua kweli, lakini mna msichana mweusi, Foulata, aliyempenda mzungu, na anapokufa mwandishi anamtia mdomoni maneno kwamba ni heri afe, kwani jua haliwezi kuoana na giza. Niliyasoma nikiwa na miaka 16 na yalinichoma. Msichana wa miaka tisa hana ngao ya maneno hayo, hata ukikaa naye. Akifika 14 mpe, na mzungumze usiku mzima.

Wapi pa kuanzia? Anza nyumbani. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alipokuwa Unguja aliandika ngano alizosimuliwa na watu wa hapa, akazipiga chapa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna kisa cha maskini aliyekuwa akichakura jaani, akaokota thumuni, akanunua paa. Paa yule akamfanya tajiri, akamwoza binti wa sultani. Na paa alipougua, yule bwana akamnyima hata chakula kizuri, paa akafa, naye akazinduka yuko jaani anachakura. Mtoto akikisikia hicho atalia, na mwache alie. Kisha mpeleke kwa Stevenson, amsikie kasuku wa Silver akilia fedha, vipande vya nane, maana yake reale, fedha ile ile ambayo thumuni ya yule maskini ni sehemu yake ya nane. Sisi tulipolijua hilo tulipiga makofi. Kisiwa cha Mzungu kiliingia mfukoni mwetu. Na mpeleke kisiwa cha Misali kwa mashua siku moja, husimuliwa kwamba maharamia walizika mali huko. Wazee wengine watamwambia ni msala wa Nabii Khidhri. Ayasikie yote mawili.

Alice mtampata kwa Kiswahili mara mbili: Elisi katika Nchi ya Ajabu ya mwaka 1940, na tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015. Baada yake Adili na Nduguze wa Shaaban Robert. Wale nduguze waliogeuzwa nyani hatawasahau. Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, amngoje mpaka apate akili ya kunusa uongo wa watu wazima.

Limebaki jambo moja, nalo sijapata kukwambia. Nakala ya babu yako ilikuwa imeliwa na mchwa, sura za mwisho hazipo. Usiku wa mwisho wa msimu ule alisoma mpaka karatasi ikaisha, akageuza ukurasa usiokuwapo, akaendelea. Silver akatubu, akarudisha dhahabu, akajenga msikiti. Tulilala tumeridhika. Nilikuwa na miaka 19, chuoni Unguja, nilipokisoma kizima: Silver hakutubu. Aliiba mfuko mmoja wa fedha, akatoroka usiku bandarini, na hakusikika tena. Nilikasirika na babu yako wiki nzima. Baadaye nikaona ni yule Silver wa kweli niliyemhitaji, muuaji aliyemnusuru Jim, mtu ninayempenda na kumwogopa papo hapo, na hakuna aliyenisaidia kuamua. Nilipomwambia babu yako, alinyamaza, kisha akaniuliza: “Alitoroka na kasuku?”

Nakala ile nimeifunga kwenye kanga, nimempa jirani anayekuja na boti Alhamisi, pamoja na pakacha la mashelisheli. Ukiifungua utasikia harufu ya karafuu. Wewe tafuta nzima, muanze. Lakini sura ya mwisho msiisome. Nikija Idi nitamkalisha mjukuu wangu barazani, nimsimulie kwanza mwisho aliotunga babu yako na nimwambie ni wa nani, halafu nimsomee wa Stevenson.

Mama yako