Parokia yangu huanzia mkekani

Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Juma hili mmetuuliza wasomaji: "Je, parokia ya mjini ni familia kweli, au ni mahali pa kusali Jumapili kisha kila mtu akashika njia yake?" Nimelisoma swali lenu nikiwa nimetoka jumuiya, mkeka wenyewe bado haujakunjwa, nikaona siwezi kulipita. Huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa katibu wa jumuiya ndogo ya Kikristo huku Changamwe, Mombasa. Familia ipo. Ila wengi wanaitafuta pasipo mahali pake.

Mgeni akija Misa ya saa tatu hataiona. Ataona umati mpaka nje kwenye viti vya plastiki, kwaya na kayamba zake, akina mama wa Chama cha Wanawake Wakatoliki na vitambaa vyao kichwani, watoto wakicheza kuileta Biblia mbele. Atasikiliza matangazo marefu. Atapewa mkono wa amani na mtu asiyemjua hata jina, na baada ya baraka ya mwisho ataingia matatu aende zake. Akisema mjini hakuna undugu, simlaumu.

Aje Jumamosi. Tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla watu hawajaenda kutafuta riziki, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Wengi wetu tumepanga chumba kimoja katika nyumba za Kiswahili, zile za vyumba vinavyotazamana na ukumbi katikati. Mwenye zamu anasukuma kitanda ukutani, anatandika mkeka, anaweka kimeza chenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na sanamu ya Mama Maria. Kiti ni kimoja tu, cha mzee wetu mwenyekiti, magoti yamemchoka. Watoto wanakaa mlangoni.

Tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata kwa ile njia ya hatua saba iliyotujia kutoka Afrika Kusini. Injili ikishasomwa, kila mmoja hutamka neno au mstari uliomgusa, pole pole, mara tatu, kisha tunanyamaza. Hakuna anayehubiri. Tunaye bibi mmoja kutoka Taita asiyejua kusoma. Juzi alishika neno "msiogope" peke yake. Akalisema mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu sauti ikamkatika, kwani mwanawe alikuwa hospitalini siku ya nne na sisi hatukuwa na habari. Kimya kile sijakikuta katika Misa yoyote kubwa. Kabla ya saa sita mchana watu wawili walikuwa wamekwenda kukaa na mgonjwa, na mwingine alikuwa amempelekea bibi mitungi miwili ya maji, maana mifereji ya mtaa wetu ilikuwa imekauka juma zima.

Hayo ndiyo ninayoyaita parokia. Wala si mambo tuliyoyazua sisi wa Changamwe. Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walikutana Nairobi mwaka 1976 wakasisitiza kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ambamo watu wanajuana. Nami naamini waliona mbali hasa kwa miji kama huu wetu. Mombasa kila mtu katoka kwao: Mkamba, Mluo, Mgiriama, Mluhya, Mtaita. Huna shangazi wa kumwachia mtoto, huna mjomba wa kukusimamia posa. Ukifiwa, mwili unasafirishwa bara na gari linataka pesa usiku huohuo. Atakayekuja kukaa matanga nawe ni yule mliyekalia mkeka mmoja.

Na majirani Waislamu, nisiwasahau, kwani kwetu Pwani huwezi kusimulia maisha ya parokia ukawaruka. Mwenye nyumba tunayoishi mimi na wenzangu watatu wa jumuiya ni mama wa Kiislamu. Mkutano ukiwa kwetu na watu wakizidi, hutufungulia ukumbi. Ikikaribia Jumapili ya Matawi, yeye ndiye humtafuta kijana wa kupanda mnazi, na watoto wetu hufanya maandamano na makuti mabichi kutoka ua wake. Ramadhani tukisali rozari jioni tunashusha sauti, na wakati wa kufuturu ukifika sahani ya kaimati inabisha hodi. Tukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kuja kutoa pole.

Najua pia kwamba mambo hayakuwa hivi daima. Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa usiku wa tarehe 13 na watu wa bara wakaanza kuwindwa, walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni kwa mamia. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Alilala uani siku nyingi, shuka moja kwa watu watatu. Mpaka leo akisema "Kanisa" simsikii akimaanisha jengo wala ibada. Anamaanisha mahali ulipoingia bila kuulizwa kabila lako wala kadi yako ya parokia.

Kadi. Hapa ndipo panaponiuma, na kwa kuwa mmeuliza, nitasema.

Katika parokia niliyosali kabla ya kuhamia huku, mdogo wangu alitaka kumbatiza mwanawe wa kwanza. Yeye ni kibarua katika bandari ya Kilindini, anapakua meli. Zamu ya usiku humtoa asubuhi jua limeshapanda, macho mekundu, mwili hauna hali. Alipoomba barua ya jumuiya ya kumtambulisha kwa paroko, daftari lilifunguliwa: mahudhurio mawili kwa miezi minane, mchango wa ujenzi haujakamilika. Akaambiwa alipe kwanza, ahudhurie miezi mitatu, kisha aje tena. Hakurudi. Mtoto sasa ana miaka mitano na hajabatizwa.

Barua yenyewe ina sababu, naijua, maana siku hizi ninaiandika mimi. Paroko wa waamini maelfu hawezi kumjua kila mzazi, na lazima awe na tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani. Jumuiya ndiyo shahidi. Lakini shahidi wa imani si karani wa madeni. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hazina kigugumizi. Kanuni ya 848 inataka wahitaji wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini, na kanuni ya 1181 inataka vivyo hivyo kuhusu mazishi. Nilipozisoma kwa mara ya kwanza, katika semina ya viongozi wa jumuiya, nililia mbele za watu.

Sisemi michango ikome. Paa halijijengi, na katekista ana watoto wa kulisha. Ninachokataa ni daftari la michango kuwekwa juu ya kimeza kimoja na msalaba.

Kwa hiyo mwaka jana nilimwomba mzee mwenyekiti tutenganishe. Mahudhurio yana daftari lake, na kazi yake ni moja: asiyeonekana juma la pili, mtu aende akamwone. Mfuko una daftari lingine, linabaki kwa mweka hazina, halifunguliwi wakati wa sala. Kisha tukaongeza mkutano wa pili, Jumapili saa kumi jioni, kwa walinzi, wauguzi, madereva wa malori na vibarua wa bandarini. Baadhi ya wenzetu walinung'unika kwamba jumuiya inagawanyika. Juma la kwanza walikuja watu wanne. Sasa huwa kumi na mmoja, na saba kati yao nilikuwa nawaona kanisani miaka yote bila kujua wanaishi nyuma ya nyumba yangu.

Mdogo wangu naye amehamia Chaani, si mbali na sisi. Jumatano nilimpigia simu, nikamweleza habari ya mkutano wa jioni, nikamwambia barua ya mtoto nitaiandika kwa mkono wangu na paroko tumekwisha kuzungumza. Alinyamaza muda mrefu. Hakusema ndiyo. Aliuliza tu, Jumapili hii ni zamu ya nyumba ya nani.