Ramani Moja, Vipindi Viwili: Zana Nilizobaki Nazo katika Kufundisha Kifaransa na Jiografia

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Kifaransa na jiografia kwa pamoja, niliwapa wanafunzi wa sekondari orodha ya miji ya Ufaransa niliyoinakili kwa mkono kutoka katika atlasi ya Kifaransa, pamoja na latitudo na longitudo zake, nikawataka waiweke miji hiyo katika ramani tupu ya Ulaya. Mwanafunzi mmoja, tena makini, aliiweka Brest, bandari iliyo kwenye ncha ya magharibi ya Ufaransa, huko kusini mwa Urusi. Nilipofuatilia niligundua kwamba hesabu yake haikuwa na kasoro. Atlasi za Kifaransa huandika magharibi kwa herufi O, yaani ouest, na mwandiko wangu wa haraka ulikuwa umeifanya “4° O” isomeke kama 40. Naye, kwa kuwa hakuona herufi yoyote ya kuonyesha upande, akakisia kwamba ni mashariki. Kosa lilikuwa langu, lakini lilinionyesha kwamba masomo haya mawili yanaweza kukutana hata katika herufi moja, na tangu siku hiyo nimekuwa nikizichagua zana zangu kwa kuangalia kama zinayakutanisha.

Kabla ya hapo nilikuwa na makasha mawili. La Kifaransa lilijaa majedwali ya vitenzi na michoro ya familia zinazotabasamu. La jiografia lilijaa picha za milima na jangwa. Siku hizi nina kasha moja, nalo halijajaa. Kila ninapopata zana mpya hujiuliza maswali mawili: je, mwanafunzi anaweza kulimaliza zoezi hili bila kufikiri juu ya mahali popote duniani? Na je, anaweza kulimaliza bila kutunga sentensi hata moja ya Kifaransa? Jibu likiwa ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo, zana hiyo inaweza kufaa kwa kipindi kimoja, lakini haistahili nafasi katika kasha la pamoja.

Kwa mwalimu anayeanza na zana moja tu, napendekeza ramani ya kisiasa ya Afrika yenye majina ya Kifaransa. Kila nchi katika Kifaransa ina jinsia ya kisarufi, na jinsia hiyo ndiyo inayoamua kihusishi kitakachotumika: en Tanzanie, lakini au Kenya, aux Comores kwa sababu jina liko katika wingi, en Ouganda na en Angola kwa sababu, ingawa majina hayo ni ya kiume, yanaanza na irabu, na à Madagascar, kwa kuwa kisiwa hicho hakichukui kibainishi. Nilipokuwa nikiyaandika haya ubaoni kama orodha, wanafunzi waliyakariri kwa ajili ya jaribio na kuyasahau wiki iliyofuata. Sasa nawapa ramani tupu na rangi mbili, wapake nchi za kike rangi moja na za kiume rangi nyingine, kisha nawaachia waitafute kanuni wenyewe. Haichukui muda mrefu kabla ya mmoja kusema kwamba majina yanayoishia na -e ni ya kike: la Zambie, l'Algérie, la Côte d'Ivoire. Hapo ndipo ramani inapofanya kazi ambayo orodha haikuiweza, kwa sababu upande wa kusini mashariki nchi mbili zinazopakana, le Zimbabwe na le Mozambique, zinaishia na -e lakini zimepakwa rangi ya kiume. Jicho huziona mara moja. Wanafunzi wanaozikumbuka hizo mbili hawapati shida baadaye na le Mexique wala le Cambodge.

Ramani hiyohiyo hutumika kufundisha pande za dunia, na hapa msemaji wa Kiswahili anaingia darasani akiwa na mtaji ambao walimu wengi hawautumii. Kifaransa hutofautisha à l'est de, kwa kitu kilicho nje ya eneo linalotajwa, na dans l'est de, kwa kitu kilicho ndani yake: Ujerumani iko à l'est de la France, ilhali Strasbourg iko dans l'est de la France. Kiswahili sanifu kina tofauti hiyohiyo katika “mashariki ya” na “mashariki mwa”, ingawa katika maandishi ya kila siku wengi wetu tumeanza kuipuuza. Ninapowakumbusha wanafunzi jambo hilo kwa Kiswahili kwanza, kipengele cha Kifaransa hueleweka kwa dakika chache, na insha zao za jiografia nazo hunyooka. Ukiwa hapo, wasomeshe kwa sauti sentensi L'Allemagne est à l'est de la France, kwa kuwa maneno mawili yanayoandikwa sawasawa hutamkwa tofauti: est ya kwanza, ambayo ni kitenzi, haitamki s, na t yake husikika tu inapounganishwa na irabu inayofuata, lakini est ya pili, ambayo ni mashariki, hutamka zote mbili.

Zana ya pili katika kasha langu ni ramani yenye mistari ya buluu peke yake, yaani mito bila mipaka wala miji. Sisi tunasema mto na tawimto, na mto hubaki mto popote unapoishia. Kifaransa hutenganisha fleuve, unaomwaga maji yake baharini, na rivière, unaoingia katika mto mwingine, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuchagua neno sahihi mpaka aufuate mstari kwa kidole hadi mwisho wake. Marne huingia Seine, hivyo ni rivière. Seine hufika baharini, hivyo ni fleuve. Kongo ni fleuve, lakini Kasaï na Oubangui, pamoja na ukubwa wao wote, ni rivières. Sentensi moja fupi, La Marne se jette dans la Seine (Marne humwaga maji yake katika Seine), hurudiwa mara kumi kwa mito kumi tofauti bila mtu kuchoka, kwa sababu kila mara kuna kitu cha kutafuta. Mjadala huwa mzuri zaidi mnapoifikia mito kama Chari na Okavango, ambayo haifiki baharini kabisa. Vitabu vya Kifaransa huiita pia fleuves, na wanafunzi wangu huwa hawakubali jambo hilo bila ubishi. Nawaacha wabishane, mradi wabishane kwa Kifaransa.

Grafu za tabianchi nazo hazikosekani. Grafu ambayo Wafaransa huiita diagramme ombrothermique, iliyoenezwa na watafiti Bagnouls na Gaussen katika miaka ya 1950, huweka skeli ya mvua kuwa mara mbili ya skeli ya nyuzijoto, ili milimita 40 zilingane na nyuzi 20 za Selsiasi. Mwezi ambao mvua yake iko chini ya mstari wa joto huhesabiwa kuwa mwezi mkavu. Huandaa kadi tatu zisizo na majina, kwa mfano za Brest, Dakar na Saint-Denis ya Réunion, na kila kundi linapaswa kueleza kwa Kifaransa ni ipi ni ya wapi. Dakar hujitambulisha kwa mvua iliyojikusanya katika miezi michache ya kati, Brest kwa mvua isiyokoma mwaka mzima, na Saint-Denis kwa joto linalopanda Januari na Februari, jambo linaloonyesha kwamba tuko kusini ya Ikweta. Sarufi inayohitajika ni ya kulinganisha tu: plus chaud que (joto zaidi kuliko), moins humide que (unyevu mdogo kuliko).

Kuhusu sauti sina mengi. Redio ya RFI hutoa taarifa ya habari ya kila siku kwa Kifaransa chepesi, pamoja na maandishi yake, nami hukata dakika moja tu yenye jina la mahali, kisha wanafunzi hupapasa ramani kupatafuta. Kosa nililolifanya mwanzoni ni kuwasikilizisha taarifa nzima. Walichoka kabla sijauliza swali la kwanza.

Zana ninayoipenda kuliko zote ni jozi ya picha za angani. Shirika la ramani la Ufaransa, IGN, lina tovuti iitwayo Remonter le temps, ambamo unaweza kuliona eneo lilelile la Ufaransa lilivyokuwa katika miaka ya 1950 na lilivyo leo, ubavu kwa ubavu. Chagua pembezoni mwa mji mkubwa, chapisha picha mbili, na huhitaji projekta wala intaneti darasani. Kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha wakati uitwao imparfait, wa kueleza hali ilivyokuwa zamani, kwa hadithi za utotoni, na siku zote nilihisi kwamba ninawalazimisha. Picha hizi ziliuleta wenyewe: Avant, il y avait des champs, maintenant, il y a des immeubles (zamani kulikuwa na mashamba, sasa kuna majengo ya ghorofa). Kutoka hapo unaingia moja kwa moja katika upanuzi wa miji, barabara kuu na upotevu wa mashamba, na msamiati unaohitajika hauzidi maneno manane. Nasisitiza idadi hiyo, kwani karatasi ya zoezi yenye maneno mapya 30 humgeuza mwanafunzi kuwa mfanyakazi wa kamusi.

Lazima niseme pia kwamba si kila mada inakubali ndoa hii. Hesabu za skeli na za mteremko kutoka kwenye mistari ya kontua nazifundisha katika lugha ambayo mwanafunzi atafanyia mtihani wa jiografia, kwa sababu huko ugumu ni wa hesabu na kuongeza ugumu wa lugha ni kumwonea. Hata hivyo, kifupi kimoja cha walimu wa Kifaransa nimekihamishia katika vipindi vyote: TOLE, yaani titre (kichwa), orientation (mwelekeo), légende (ufunguo) na échelle (skeli), vitu vinne ambavyo mchoro wa ramani haukamiliki bila hivyo. Wanafunzi hukiandika pembeni mwa karatasi na kukikata herufi kwa herufi kabla ya kukusanya kazi.

Jambo la mwisho linahusu ramani za zamani, ambazo shule nyingi huzitupa zikishachakaa. Ni kweli kwamba ramani inayoonyesha mikoa 22 ya Ufaransa bara haifai tena kufundishia utawala wa leo, kwa kuwa mwaka 2016 mikoa hiyo ilipunguzwa kuwa 13, na pamoja na mitano ya ng'ambo kuna 18. Mikoa hiyo ya ng'ambo, kwa njia, ndiyo inayowashangaza wanafunzi zaidi, hasa wanapogundua kwamba mpaka mrefu kuliko yote ambao Ufaransa inao na nchi nyingine ni ule wa Guyane na Brazili. Lakini ramani iliyopitwa na wakati ni kitendawili kizuri. Nilikuta moja katika kabati, haina mwaka popote, nikawapa darasa kazi ya kuitafutia tarehe kwa kutumia avant (kabla), après (baada) na parce que (kwa sababu). Waliona Burkina Faso badala ya jina lake la zamani, Haute-Volta, kwa hiyo ni baada ya 1984. Waliona Zaïre, kwa hiyo ni kabla ya 1997. Kipindi kilikuwa kinakaribia kwisha msichana wa dawati la nyuma alipoigusa Eritrea, iliyokuwa na mpaka wake na rangi yake, akasema: Après 1993, parce que l'Érythrée est indépendante. Tukaandika nyuma ya ramani kwa penseli, “1993–1997”, nami nikairudisha kabatini kwa ajili ya darasa linalofuata, baada ya kuifuta tarehe hiyo.