Usinunue sailensa kabla hujalizungushia bomba lako kamba

Msimu wa korosho mwaka juzi sailensa ya pikapu yangu ilikatika karibu na Mnazi Mmoja, natoka Lindi narudi Mtwara. Ni Hilux ya petroli, cc 2,400, haina tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini), kazi yake kubeba mizigo. Fundi akanambia tuweke ekzosi, yani bomba la moshi, ya upana wa inchi tatu kuanzia mbele mpaka nyuma, gari itapumua na nguvu itaongezeka, na mi nikakubali kwasababu nlishaona pikapu nyingi zimefungwa hivyo.

Mzigo wa kwanza tu nikajuta. Natoka Masasi napandisha Newala, gunia kumi na mbili nyuma, kilima ambacho siku zote nakipanda na gia namba tatu, sasa nakanyaga mafuta inanguruma tu haivuti, mpaka nirudi namba mbili niipe resi kubwa ndo inaamka, na kwenye tambarare ukifika spidi 80 kuna mvumo unajaa ndani mpaka utingo wangu akashuka kichwa kinamuuma.

Iko hivi. Moshi ukipita kwenye bomba linaloendana na injini unatoka kwa kasi, na ile kasi inasaidia kuvuta moshi uliobaki kwenye silinda. Bomba likiwa pana mno kwa injini ndogo isiyo na tabo kasi inakufa, nguvu ya resi ya chini, yani injini ikizunguka taratibu, inapungua, na sisi wa mizigo resi ya chini ndo maisha yetu. Watu wanaona kutoka mbili kwenda tatu ni inchi moja tu, kumbe nafasi ya ndani inakuwa mara mbili na robo! Dizeli yenye tabo ni habari nyingine, ile inataka moshi utoke bila kizuizi, huko inchi mbili na nusu mpaka tatu sawa kabisa.

Kwahiyo pima kwanza. Chukua kamba, zungushia bomba la zamani sehemu ambayo haijabonyea, halafu pima urefu wa kamba kwa rula. Sentimita 16 ni inchi mbili, 18 ni mbili na robo, 20 ni mbili na nusu, 24 ni tatu. Langu la mwanzo lilikuwa 16, nikaishia kufunga la 18, na Newala napanda na namba tatu kama zamani. Ushauri wangu kwa petroli ya kawaida usizidi hapo, ongeza robo inchi basi.

Kwenye sailensa yenyewe usiangalie mdomo peke yake. Mulika tochi ndani, kuna za dukani mdomo ni mpana ila bomba la ndani ni jembamba, hapo umelipia upana ambao haupo.

Na huku kwetu pwani chumvi inakula chuma kwa nje, lakini ile yangu nilipoipasua na grainda kutu ilikuwa imeanzia ndani. Injini ikiunguza mafuta inatoa na mvuke wa maji, sasa kama gari siku nzima ni Shangani sokoni, sokoni Shangani, sailensa haipati moto wa kuyakausha, maji yanalala humo humo. Ndo maana sailensa nyingi zina kitundu kidogo kwa chini. Fundi wangu alikiona akadhani imetoboka, akakiziba kwa kuchomelea. Ukiona fundi anataka kukiziba mzuie.

Kabla hajaanza kuchomelea mwambie atoe waya wa betri. Bomba linapopita juu ya ekso, ile ekseli ya tairi za nyuma, liachiwe nafasi, gari ikipigwa mzigo springi zinashuka na ekso inakuja juu, yangu iligonga mpaka klampu ikalegea. Na mwisho wa bomba utokeze nje ya bodi kabisa, usiishie chini ya keria, maana kuna watu wanakaa pale nyuma na ule moshi una sumu isiyo na harufu. Akimaliza washa gari ikiwa ya baridi, ziba mdomo wa ekzosi kidogo na tambara nene, sikiliza kila kiungo. Penye kuvuja utasikia panapuliza, pachomelewe hapo hapo kabla hujalipa.