Umeachiwa sanduku la barua na daiari za marehemu? Soma hii kabla hujawasha kiberiti

Kuna kitu kinatokea sana kwenye misiba yetu na mimi naona tukiongelee. Arobaini imepita, nguo zimegawiwa, vyombo vimegawiwa, kitanda kimeshapata mwenyewe, linabaki sanduku la bati uvunguni, mkilifungua ni makaratasi tu, na hapo lazima atokee mtu mmoja (mara nyingi ni yule aliyefika msibani kachelewa alafu ana haraka ya kuwahi basi) aseme haya makaratasi ya nini jamani, yanaleta panya, tuchome. Msichome! Nawaomba sana.

Sisi kwetu sanduku lilikuwa la bibi, kule Muheza. Babu alikuwa mtu wa reli, kazi yake Tabora, enzi zile reli ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika 1977, na bibi alibaki kijijini na watoto na mashamba. Kwahiyo maisha yao ya ndoa kwa miaka na miaka yalikuwa ya barua. Babu alipostaafu akarudi na za kwake zote alizotumiwa, bibi naye alikuwa ametunza za babu, ndo maana tulikuta pande zote mbili zimefungwa pamoja kwa kamba ya mkonge, na hiyo ni bahati kubwa maana familia nyingi unakuta wana upande mmoja tu, yaani unasikia majibu husikii maswali.

Sasa nilichojifunza kwenye kuzisoma ndo nataka nikwambie, maana ukizisoma kama unavyosoma meseji utachoka ukurasa wa pili na utasema hazina kitu.

Kwanza ruka salamu. Si kwamba hazina maana, ila barua za wazee wetu zote zinaanza vilevile, "mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu", mtu anaandika mzima wa afya huku mistari minne chini anakwambia wiki yote alikuwa kalazwa. Salamu ni adabu. Mambo yenyewe yako kwenye maombi na kwenye hela. Nitumie nini, nimepokea kiasi gani, nimemlipa nani, nani hajarudisha. Hapo mtu hapambi. Bibi kwenye barua za 1974 kwenda 75 haandiki popote kwamba kuna njaa, hilo neno halipo kabisa, ila anamshukuru babu kwa mani oda, anasema mahindi yamekauka yote, na unga wa yanga umefika dukani ila foleni ilianza alfajiri na yeye kaishia kurudi na kibaba. Wadogo zangu hawakujua hata huo unga wa yanga ni nini, ikabidi shangazi aeleze kwamba ni ule wa mahindi ya njano ya msaada, watu wakaupa jina la timu kwa sababu ya rangi. Ukiniuliza ukame wa miaka ile ulikuwaje nitakupa hiyo barua kabla sijakupa kitabu chochote.

Alafu za mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za maduka matupu, ndo utacheka na kulia kwa pamoja. Sabuni. Barua nzima sabuni! Babu anaagizwa sabuni ya mche, sukari, kitenge kama kinapatikana, na kwenye majibu babu anaeleza kwa urefu mzigo kampa nani, anashuka stesheni gani, amevaa nini, umpokee mwenyewe usimtume mtoto.

Pili, na hapa ndo watu wengi wanapitwa, jiulize barua ilipita kwa nani kabla haijafika. Bibi yangu hakujua kuandika. Barua zake zote ziliandikwa na watoto wa shule wa jirani, unaona mwandiko unabadilika kila baada ya miaka michache, mmoja akimaliza darasa la saba anakuja mwingine. Na hao watoto hawakukaa kimya, chini kabisa kule unakuta "na mimi mwandishi wa barua hii nakusalimu sana babu, niko darasa la sita, ukija naomba kalamu." Nilimpenda sana huyo mtoto, sijui kama kalamu alipata.

Lakini hebu fikiria, wewe ni mwanamke, mume yuko Tabora, unataka kumwambia jambo lako la ndani, na anayeandika ni mtoto wa darasa la sita wa nyumba ya tatu ambaye akitoka hapo anaenda kumhadithia mama yake. Utasema nini? Na kule Tabora babu naye labda anasoma kwenye kota na wenzake wamemzunguka wanauliza habari za nyumbani. Kwahiyo bibi alikuwa anapitisha mambo kwa chini. Kuna barua moja ya Novemba 1974, katikati ya habari za mbuzi na bati la jikoni linalovuja, ghafla anasema "na ule mzigo ulioniachia siku ile unaondoka naendelea nao vizuri, inshallah mwezi wa nne nitautua." Mimi nikaipita. Nilidhani ni gunia. Shangazi nilipomsomea alicheka mpaka akashika ukuta, akaniambia hebu kumbuka baba yako mdogo kazaliwa lini. Aprili 1975!

Ndo maana nasema usisome peke yako. Mtafute mzee mmoja aliyekuwepo, msomee polepole, mwache acheke, mwache anune, akinyamaza pia usimkimbize. Na rekodi kwa simu ukimuomba ruhusa, maana maelezo anayokupa hapo hayamo kwenye karatasi na yeye naye hatuko naye milele.

Sasa daiari. Daiari watu wanaiamini zaidi kuliko barua, wanasema huyu alikuwa anaandika peke yake hamdanganyi mtu. Mimi siamini hivyo moja kwa moja. Babu alikuwa na zile daiari za ofisi za kugawiwa mwisho wa mwaka, zenye tarehe kila ukurasa, na aliandika mambo ya zamu, mvua, hela aliyomkopesha fulani, nani kafa. Hasira hata mstari mmoja hakuna, na huyo mzee kwa hasira tulimjua! Mtu hata akiandika kwa ajili yake kuna msomaji kichwani, awe mke akiifungua, awe mjukuu kama mimi.

Angalia Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha Amsterdam wakati wa vita. Alianza daiari yake Juni 1942 alipopewa zawadi ya bethdei, akaandika tu mambo yake. Machi 1944 akasikia kwenye redio waziri wa Uholanzi aliyekuwa uhamishoni London anawaambia wananchi watunze daiari na barua zao za wakati wa vita, basi kuanzia hapo akaanza kuiandika upya, sehemu nyingine akatoa nyingine akaongeza, akawa na daiari mbili, ile aliyojiandikia na ile ya watu kuja kusoma. Na zote mbili ni zake, huwezi kusema moja ya uongo. Au Livingstone, huyu wa huku kwetu. 1871 akiwa Nyangwe, Kongo ya leo, karatasi na wino vilimwishia akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa kutengeneza mwenyewe na mimea, na humo ndo aliandika yale mauaji ya sokoni ya mwezi wa saba. Baadaye akanakili kwenye daftari lake safi la safari, na nakala safi ndo ikaja kuchapwa 1874 akiwa ameshafariki. Zile karatasi za gazeti wino ulififia mpaka zikawa hazisomeki, mwaka 2011 wataalamu wakazipiga picha kwa mwanga maalumu maandishi yakarudi, na wakakuta kuna mambo hayafanani na ile nakala safi. (Na kwa taarifa yako mmoja wa waliobeba mwili wake mpaka Bagamoyo, Jacob Wainwright, naye alikuwa na daiari yake. Huyo hafundishwi sana shuleni.)

Kwahiyo ukikuta daftari mbili za kipindi kimoja, moja chafu yenye madoa ya chai na moja safi yenye mwandiko wa kupanga mistari, usitupe ile chafu.

Tuje kwenye jambo gumu. Utakuta siri. Karibu kila sanduku lina siri, mtoto wa nje, deni la shamba, ndoa ya kwanza ambayo hakuna aliyewahi kuitaja, mtu aliyefungwa mkasema yuko safarini. Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo, aliye hai anakuja kwanza. Ukikuta jambo linalomgusa mtu aliye hai, funga barua, weka pembeni, usipige picha ukarusha kwenye grupu la ukoo saa nne usiku na maneno "kumbe!!" na viemoji vya macho. Nimeona ukoo mmoja, siyo wetu, watu hawasalimiani mpaka leo kwa sababu ya picha ya barua ya mwaka 1969 kwenye status. Nenda kwa mkubwa wa familia mwenye kifua, mkae wawili, mjue nani anajua tayari. Mara nyingi utashangaa wakubwa wote wanajua, mlikuwa hamjui nyie watoto tu. Na yule anayehusika ndo awe wa kwanza kuambiwa, tena kwa mdomo, asisikie kwa watu.

Wengine wananiambia basi kumbe hata kusoma ni makosa, marehemu hakukupa ruhusa. Hoja naielewa ila siikubali yote. Mtu aliyetaka zisisomwe alikuwa na miaka thelathini ya kuzichoma mwenyewe na jiko lilikuwa hapohapo. Shaaban Robert aliandikiana na mdogo wake Yusuf Ulenge tangu 1931 mpaka 1958, mambo ya ndugu, na barua zile zikachapwa kitabu na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) mwaka 2002, miaka arobaini baada ya yeye kufariki. Leo tunamjua mtu yule kama kaka wa mtu na siyo kama mshairi wa kwenye mtihani peke yake. Kwa upande wangu hilo ni jema. Ila angalia muda uliopita hapo, siyo wiki ya matanga.

Na wewe mwenyewe je, unaandika? Watu wakisikia daiari wanadhani lazima uandike hisia, "leo moyo wangu umejaa huzuni", wanaandika siku nne wanaacha. Andika bei ya nyanya. Andika nauli. Andika leo umeme ulikatika saa ngapi na mlikula nini na nani alikuja akaondoka na mwavuli wenu. Samuel Pepys wa London, moto mkubwa wa 1666 unakaribia mtaani kwao, yeye kwenye daiari anaandika kwamba kachimba shimo kwenye bustani kafukia divai na jibini lake. Historia za ule moto ziko nyingi, mimi ninachokikumbuka ni lile jibini! Alafu weka tarehe yenye mwaka, usiandike "Jumanne" tu, na watu waite kwa majina yao, miaka hamsini ijayo hakuna atakayejua "mama D" ni nani. Chati za WhatsApp nazo ni barua, usijidanganye kwamba ziko salama kwa sababu ziko kwenye simu, simu ikiibiwa Kariakoo na hukuwa na bakapu imekula kwako, zile muhimu zitoe uzi-print kabisa.

Kuhusu kutunza sina mengi. Selotepu hapana, inageuka njano na gundi inakula karatasi. Usipeleke steshenari wakalamineti. Pini za stepla zitoe taratibu kabla kutu haijaenea. Bahasha usitupe, muhuri wa posta ndo unakupa tarehe na mji pale mwandishi aliposahau. Ukanda wa pwani unyevu ni adui kuliko panya, kwahiyo usifunge kwenye mfuko wa nailoni ukaweka chini, tafuta boksi la karatasi liwe juu kabatini mbali na ukuta wa bafu, na piga picha kila ukurasa mchana karibu na dirisha, pande zote mbili, hata upande wenye namba tu za hesabu.

Na kama nyie ni watu wa pwani kuna uwezekano chini kabisa ya sanduku mkakuta makaratasi ya herufi za Kiarabu mkadhani ni dua, mkayabusu mkayarudisha. Mpelekeeni mtu anayejua aangalie, maana inaweza kuwa ni Kiswahili kitupu, watu wetu wameandikiana hivyo karne na karne, kuna barua za Kilwa za mwaka 1711 zipo mpaka leo kwenye nyaraka za Goa huko India. Kwetu tulikuta karatasi mbili za namna hiyo za baba yake babu, moja ni dua kweli, ya pili mwalimu wa madrasa kaisoma nusu ukurasa akaanza kutabasamu, ni mtu anadaiwa minazi sita na anaomba asubiriwe mpaka baada ya Ramadhani.