Wilaya ya shule ikigawanywa, fedha zinakwenda wapi?

SWALI: Mhariri, salaam. Tunaishi Lehi, Utah, na watoto wetu wote wanasoma shule za wilaya ya Alpine. Mwaka 2024 majirani walipiga kura ya kuigawa wilaya. Sisi hatukupiga kwa kuwa hatujapata uraia. Sasa tunaambiwa tutahamia wilaya mpya, Aspen Peaks. Kodi ya nyumba itapanda? Na shule zitapata fedha zaidi au zitapungukiwa? – Mama wa watoto watatu, Lehi

JIBU: Dada, kura ya tarehe 5 Novemba 2024 iliigawa Alpine, wilaya kubwa kuliko zote Utah yenye wanafunzi zaidi ya 80,000, kuwa tatu. Aspen Peaks ni Lehi, American Fork, Highland, mji wenyewe wa Alpine, Cedar Hills na kipande cha Draper kilichomo kaunti iitwayo pia Utah. Upande wa magharibi, yaani Eagle Mountain, Saratoga Springs, Cedar Fort na Fairfield, ni Lake Mountain. Orem, Pleasant Grove, Lindon na Vineyard zimebaki pamoja kwa jina la Timpanogos. Wilaya hizo zinaanza kazi tarehe 1 Julai 2027. Hadi siku hiyo ni Alpine inayoajiri, inayolipa na inayotoza.

Kwa msomaji aliyeko Tabora au Kakamega jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Mwalimu wa Tanzania analipwa na Serikali Kuu, na wa Kenya analipwa na Tume ya Huduma za Walimu, kwa hiyo ukigawa wilaya au kaunti, mshahara hautikisiki. Katika majimbo mengi ya Marekani, Utah ikiwemo, wilaya ya shule ni mamlaka kamili, mbali na halmashauri ya mji. Ina bodi yake ya kuchaguliwa, inatoza kodi ya majengo, inakopa na inaajiri. Ndiyo maana ukisogeza mpaka wa wilaya umesogeza fedha.

Ili ujue kodi itapanda au la, tenganisha mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni wa jimbo, nao hauguswi na mgawanyo. Katiba ya Utah inatenga kodi ya mapato kwa ajili ya elimu, na tangu 2020 pia kwa huduma za watoto na watu wenye ulemavu. Fedha hizo hugawiwa kwa kipimo cha mwanafunzi: mtoto mmoja wa darasa la kwanza hadi la kumi na mbili ni kipimo kimoja, na mwenye mahitaji maalumu huongezewa. Mwaka wa fedha 2025/26 kipimo kimoja kilikuwa na thamani ya dola 4,674. Kila wilaya hutoza kiwango kilekile cha msingi cha kodi ya majengo. Makusanyo yasipofika, jimbo linajazia, na yakizidi, ziada inakwenda jimboni. Mtoto wako anatembea na fedha hizi popote mpaka utakapochorwa.

Mfuko wa pili ni kodi ambayo wilaya yenyewe inaongeza juu ya ile ya msingi, ama kwa kura ya wananchi ama kwa uamuzi wa bodi, pamoja na ile ya ujenzi. Huu ndio unaoguswa. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si takwimu za Alpine. Sehemu mbili zina wanafunzi 10,000 kila moja. Ya kwanza ina majengo yenye thamani ya kutozwa kodi ya dola bilioni 10, ya pili bilioni 5. Zikiwa wilaya moja na kutoza 0.001, yaani dola moja kwa kila dola elfu ya thamani, zinapata dola milioni 15, sawa na dola 750 kwa kila mtoto. Zikitengana, kwa kiwango kilekile, ya kwanza inapata 1,000 kwa mtoto na ya pili 500. Hakuna senti iliyoongezeka duniani. Uzio umepita katikati ya fungu lilelile. Jimbo la Utah hufidia sehemu ya pengo hilo katika fedha za uendeshaji, lakini kwenye ujenzi fidia ni ndogo. Na ujenzi ndio unaoumiza sehemu zinazokua haraka, zenye watoto wengi na maduka machache ya kutozwa.

Kwa hiyo takwimu ya kuidai kwa bodi yako mpya ni moja: thamani ya majengo inayotozwa kodi, ikagawanywa kwa idadi ya wanafunzi, kwa kila moja ya wilaya tatu. Anayekuambia kodi itashuka bila kukupa namba hiyo hajakujibu.

Mfuko wa tatu ni deni. Wilaya hujenga kwa kuuza hatifungani zilizopigiwa kura, na deni hilo hulipwa na majengo yote yaliyokuwa ndani ya mipaka ya zamani hadi liishe. Usidhani 1 Julai 2027 itafuta deni la Alpine kwenye nyumba yako. Wilaya mpya ikikopa tena kujenga ofisi, karakana ya mabasi au shule, deni jipya litakaa juu ya lile la zamani. Mwaka 2022 wapigakura wa Alpine walikataa hatifungani za dola milioni 595. Mahitaji ya majengo yaliyotajwa wakati ule hayakuyeyuka, yamegawanywa.

Sasa nyumba yako. Utah, nyumba unayoishi mwenyewe hutozwa kodi kwa asilimia 55 tu ya thamani ya soko. Nyumba ya dola 500,000 inahesabiwa 275,000. Bodi ikiongeza kiwango kwa 0.0004, unaongeza dola 110 kwa mwaka. Ikiwa nyumba yako inahesabiwa kwa thamani kamili ilhali unaishi humo, hujasajili punguzo la makazi; nenda kaunti ukalisajili kabla ya kubishana na bodi yoyote.

Kila Julai kaunti hukutumia barua yenye thamani ya nyumba na orodha ya wanaotoza. Usiitupe ukidhani ni tangazo. Ina safu ya kodi ya mwaka jana, safu ya kodi ikiwa hakuna ongezeko, na safu ya kodi ikiwa ongezeko litapita, pamoja na tarehe ya kikao cha wazi. Kwa sheria ya Utah, wilaya inayotaka makusanyo zaidi ya yale ya mwaka uliopita lazima iite kikao hicho, nacho huanza saa kumi na mbili jioni au baadaye ili wafanyakazi wafike. Kusema kikaoni hakudai uraia. Ukiona thamani ya nyumba imekuzwa, pingamizi hupelekwa kaunti, kwa kawaida kabla ya 15 Septemba, ukiwa na bei za nyumba tatu au nne zinazofanana na yako zilizouzwa karibuni.

Kuhusu kura: hata raia wa Orem na Lindon hawakupata nafasi ya kupiga. Utaratibu uliotumika uliwapa kura wakazi wa eneo linalojitenga tu, na waliobakizwa wakawa wilaya mpya bila kuulizwa. Ndivyo ilivyokuwa pia Novemba 2007, Sandy, Draper, Midvale, Cottonwood Heights na Alta zilipojitoa wilaya ya Jordan na kuanzisha Canyons, iliyofungua milango 1 Julai 2009. Jordan ilibaki na upande wa magharibi, ambako ndiko watoto walikuwa wakiongezeka. Sisi tunaona hilo ni kosa la sheria: uamuzi unaobadilisha kodi na shule za watu wote ulistahili kupigiwa kura na watu wote.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Orem, mwaka wa sita kazini. Nina shahada ya uzamili niliyoimaliza karibuni. Mshahara wangu uko salama? – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, leseni yako imetolewa na jimbo na pensheni yako iko kwenye mfuko wa jimbo, kwa hiyo hivyo viwili havina habari na mpaka. Nyongeza ya jimbo, ile inayoonekana kwa mstari wake kwenye hati ya mshahara na ambayo mwaka 2023 Bunge la Utah liliipandisha katika kifurushi cha dola 6,000 kwa mwalimu, mshahara na mafao pamoja, nayo inaendelea. Sheria inasema mfanyakazi anayehamishiwa wilaya mpya anabaki na hadhi yake, ya kudumu au ya majaribio, pamoja na stahili alizokwisha kujilimbikizia.

Kisicho na ulinzi wa namna hiyo ni jedwali la mishahara la miaka inayofuata. Mistari ya jedwali ni miaka ya kazi, safu zake ni elimu: shahada, shahada na saa za ziada za masomo, uzamili. Jedwali hupangwa na bodi ya wilaya baada ya mazungumzo na chama cha walimu. Bodi tatu, meza tatu za mazungumzo, majedwali matatu. Mwaka wa kwanza yanaweza kufanana kama mapacha. Mwaka wa nne wilaya yenye majengo ya thamani kubwa ikiongeza dola 2,000, ya jirani ama itaongeza kodi ama itapoteza walimu wa hisabati na wa elimu maalumu, ambao ndio huhama kwanza.

Shahada yako ya uzamili isajiliwe sasa, Alpine ikiwa hai. Peleka nakala rasmi ya matokeo ofisi ya rasilimali watu na udai barua inayotaja mstari na safu uliyowekwa. Chapisha salio la siku za ugonjwa na za likizo, mkataba, na tathmini za miaka mitatu, ukaziweke nyumbani. Kumbukumbu zikihamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mitatu, kinachopotea mara nyingi ni saa za masomo na siku zilizobaki, na ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha. Kuhusu bima ya afya, uliza swali moja la maandishi: kiasi nilichokwisha kulipa mwenyewe mwaka huu kitahesabiwa kwenye bima mpya, au naanza sifuri Julai?

SWALI: Jengo la shule likiwa ndani ya mji wetu, si ni letu moja kwa moja? – Msomaji, Memphis

JIBU: Si lazima, na huko kwenu mna mfano wake. Shule za jiji la Memphis ziliungana na za kaunti ya Shelby mwaka 2013. Mwaka uliofuata miji sita, Arlington, Bartlett, Collierville, Germantown, Lakeland na Millington, ilikuwa imekwisha kufungua wilaya zake. Majengo yalipatikana kwa makubaliano, miji ikikubali kulipa kwa awamu. Hata hivyo shule tatu zenye jina la Germantown, ya msingi, ya kati na ya sekondari, zilibaki kwa kaunti, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wake hawakuwa wakazi wa mji huo.

Mahali penye amri ya mahakama ya kuondoa ubaguzi, mpaka mpya unahitaji ruhusa ya jaji. Gardendale, Alabama, ilitaka kujitoa kaunti ya Jefferson. Februari 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliizuia kabisa, ikisema nia ya kujitenga ilikuwa ya ubaguzi wa rangi. Wazazi waliosimama kidete kwenye kesi ile walistahili ushindi huo.

SWALI: Binti yangu ana mpango wa elimu maalumu, nami Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Tukihamishwa wilaya tunaanza upya? – Mama, Saratoga Springs

JIBU: Hapana, mama. Wilaya inayompokea inapaswa kumpa huduma zinazolingana na za mpango alionao tangu siku ya kwanza, hata kabla haijaandika mpango wake. Mkalimani ni haki yako bila malipo, chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, na mtoto asitumiwe kutafsiri kikao chake mwenyewe. Wilaya mpya lazima itafute wakalimani wake yenyewe, na Kiswahili hakimo kwenye kila orodha. Andika barua mapema, Aprili au Mei 2027, ukitaja jina la mtoto, shule, na Kiswahili chako, cha Kongo au cha pwani, kwa sababu mkalimani asiyeelewa maneno yako hatakusaidia. Baki na nakala yenye tarehe, na mpango wa binti yako ubebe kurasa zote, hasa ule unaotaja dakika za huduma kwa wiki. Hizo dakika ndizo utakazolinganisha Septemba.